Kiungo Kilichoondolewa kwa Maradhi: Je, Yafaa Kukirejeza kwa Nyama ya Mwili Wenyewe?



Ndugu wasomaji, mwezi huu tumeonelea tuzungumze jambo ambalo huenda baadhi ya watu wakasema kuwa halifai kuandikwa katika gazeti lisomwalo nyumbani na baba, mama na vijana. Jambo lenyewe ni saratani ya matiti, na ile kazi ya matabibu wapasuaji ya kumtengenezea mwanamke titi jipya kwa ngozi na mafuta ya mwili wake mwenyewe, baada ya lile lenye maradhi kuondolewa. Twaomba radhi kwa atakayeona haya. Lakini Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao, na sisi twaona kuwa haya imekwisha kuwaua watu wengi miongoni mwetu.

SWALI LILILOTUFIKIA

Mwaka jana, baada ya Sala ya Alasiri, alitujia chuoni mama mmoja pamoja na binti yake. Binti huyo tulimsomesha sisi wenyewe tangu alif hadi akahitimu, na sasa ni mke wa mtu na mama wa watoto wawili. Waliketi kimya kitambo, kisha mama akasema, "Maalim, mwanao ana jambo, lakini ulimi wake mzito." Ikawa mama ndiye aliyesema. Binti alikuwa na kivimbe katika titi la kushoto, kigumu kama kokwa ya zaituni, kisichouma. Alikificha miezi saba. Hospitali walikata kinyama kidogo wakakipima, wakamwambia kuwa ni saratani, na kwamba titi halina budi kuondolewa. Tabibu alimweleza pia kuwa iko njia ya kulitengeneza upya kwa nyama ya tumbo lake. Jirani mmoja aliposikia akamwambia kuwa hiyo ni haramu, ni kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu. Tangu siku hiyo binti akakataa yote mawili: kukatwa na kutengenezwa.

Hapo yeye mwenyewe akainua uso, akatuuliza, "Maalim, nikikatwa nitabaki mwanamke? Na nikitengenezwa nitakuwa nimemwasi Mola wangu?"

Twapenda kukiri mbele ya wasomaji wetu kwamba swali hili halikuwa la kwanza kutufikia. Miaka mingi iliyopita alitujia bibi mmoja wa mtaani mwetu mwenye maradhi kama haya, akataka shauri. Sisi, badala ya kusema kuwa hatujui, tulimwambia maneno ya jumla: kwamba mwili ni amana, na kwamba asubiri na kuomba dua. Maneno hayo ni ya kweli mahali pake. Lakini yeye aliyaelewa kuwa tumemkataza kisu, akarudi nyumbani akasubiri. Alipopelekwa hospitali maradhi yalikuwa yameingia mifupani, na haukupita muda tukamsalia Sala ya maiti. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atusamehe sisi. Kwa ajili hiyo, safari hii tulimwambia binti yetu, "Usingoje jibu letu kwa habari ya kuondoa maradhi, hilo lifanye upesi, halina shaka. Na hilo la pili tupe siku chache tuwaulize wenye elimu." Tukaenda kwa tabibu, tukaenda kwa masheikh, na haya tunayoyaandika ndiyo tuliyoyapata.

ZAMANI MATABIBU WALIFANYA NINI

Saratani ya matiti si maradhi mageni. Katika Waislamu, mpasuaji aliyesifika kuliko wote ni Abul-Qasim Az-Zahrawi wa Cordoba, Andalusia, aliyefariki karibu na mwaka 1013. Kitabu chake kikubwa, At-Tasrif, kina sehemu 30, na ya mwisho ni ya upasuaji, yenye picha za vyombo karibu 200. Kilipofasiriwa kwa Kilatini, Wazungu walikisoma kwa mamia ya miaka. Az-Zahrawi aliandika kwamba saratani ikiwa ndogo na mwanzo wake, tena mahali panapoweza kukatwa kama vile titi, na ikatwe yote. Ikiwa kubwa na ya zamani isiguswe, kwani yeye mwenyewe hakupata kumponya mtu wa namna hiyo. Basi tazama, msomaji: miaka elfu moja iliyopita Mwislamu huyu alikwisha kusema neno lile lile wasemalo matabibu wa leo, kwamba mponyaji wa kwanza ni kuwahi.

Mwaka 1894 mpasuaji wa Marekani, William Halsted wa hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, alitangaza namna yake ya kukata. Aliondoa titi zima, misuli ya kifua iliyo chini yake, na tezi za kwapani. Namna hiyo ilifuatwa kwa muda wa miaka 80 hivi. Iliwaokoa wengi, lakini iliwaacha na kifua chenye mbavu zinazoonekana na mkono uliovimba. Halsted hakupenda mtu ajaribu kutengeneza titi jipya, kwa kuchelea kuwa maradhi yakirudi yatajificha chini yake.

Hata hivyo walikuwapo waliojaribu. Mwaka 1895, Vincenz Czerny wa Heidelberg, Ujerumani, alikuwa na mgonjwa aliyeondolewa titi, na mwili wa mgonjwa huyo ulikuwa na uvimbe wa mafuta usiodhuru. Tabibu akauhamisha uvimbe huo akaujaza mahali pa titi. Naye Iginio Tansini, Mtaliani, mwaka 1906 alieleza namna ya kuchukua ngozi pamoja na msuli mpana wa mgongoni, akavipitisha chini ya kwapa hadi kifuani ili kufunika jeraha. Kazi hiyo ikasahauliwa miaka mingi, ikaja kufufuliwa baada ya mwaka 1970.

KIPANDE CHENYE UHAI

Sasa tueleze siri ya kazi hii, maana ndiyo inayowashangaza watu. Mkulima akitaka kuhamisha mche hafyeki shina akalichomeka penginepo, bali huuchimbua na mizizi yake na udongo wake. Nyama ya mwili ni vivyo hivyo. Kipande kinene cha ngozi na mafuta kikikatwa kikawekwa kifuani bila ya damu, kitakufa na kuoza katika siku chache. Kwa hiyo sharti la kwanza ni kuwa kipande kiende na mishipa yake ya damu, au kipewe mishipa mipya huko kiendako. Elimu yote hii inazunguka juu ya jambo hilo moja.

Njia ya zamani ni kutokukata kipande moja kwa moja. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia, Harold Gillies, mpasuaji aliyefanya kazi Uingereza, aliwatengeneza askari waliovunjwa nyuso. Alikuwa akiinua ukanda wa ngozi na kuukunja kama bomba, ncha moja ikiwa bado imeshikamana na mwili na kunywa damu, na nyingine akiishona mahali penye upungufu. Ikisha kushika, ndipo hukata ile ya kwanza. Baadaye alitumia njia hiyo kutengeneza titi kwa ngozi ya tumbo. Lakini mgonjwa alipasuliwa mara nyingi kwa miezi mingi, na makovu yakawa mengi.

Njia ya msuli wa mgongoni ni fupi zaidi. Tabibu huchukua msuli ule mpana ulio chini ya bega pamoja na ngozi na mafuta yaliyo juu yake, asiukate mshipa wake wa damu ulio kwapani, kisha akauzungusha kuja mbele. Damu haikatiki hata dakika moja, na kwa hiyo kipande ni nadra kufa. Upungufu wake ni kwamba mgongo hauna mafuta mengi, basi aghalabu titi huwa dogo, au hutiwa mfuko wa silikoni ndani yake. Na mwenye kazi ya nguvu za mikono, kama vile kutwanga au kupiga makasia, huenda akaona bega limepungua nguvu.

TUMBO LIKAWA GHALA

Mwaka 1982, Carl Hartrampf wa Atlanta, Marekani, pamoja na wenziwe, walitangaza njia iliyobadilisha mambo. Walitazama tumbo la mwanamke aliyekwisha kuzaa, wakaona kuwa chini ya kitovu iko ngozi iliyolegea na mafuta ya kutosha, laini kama titi lenyewe. Wakachukua kipande chenye umbo la mashua, kutoka nyonga hadi nyonga, kikiwa kimeshikamana na msuli mmoja wa tumbo, ule usimamao wima kutoka mbavuni hadi kinenani. Msuli huo ndani yake umepita mshipa wa damu, nao ukawa kama kamba ya kukilishia kipande. Wakakipitisha chini ya ngozi hadi kifuani, wakakifinyanga kikawa titi.

Kazi ilikuwa nzuri, ila gharama yake ililipwa na tumbo. Ukuta wa tumbo uliopungukiwa na msuli hulegea, na baadhi ya wanawake walipata ngiri, au wakashindwa kuinuka kitandani bila ya kujisukuma kwa mikono. Ndipo matabibu wakajiuliza: mbona tunachukua msuli mzima, na sisi tunachohitaji ni mshipa tu uliopita ndani yake?

Jibu lilianzia Japani. Mwaka 1989 Isao Koshima na mwenziwe walionyesha kuwa ngozi na mafuta ya tumbo huweza kuishi kwa vimishipa vidogo vinavyotoboa msuli kutoka chini kuja juu. Mwaka 1994 Robert Allen na mwenziwe, wa New Orleans, Marekani, wakaeleza jinsi walivyotumia njia hiyo kutengenezea titi. Hii ndiyo njia inayosifiwa zaidi leo katika hospitali kubwa za dunia, nayo hufanywa hivi.

Kwanza mgonjwa hupigwa picha ya kompyuta inayoonyesha mishipa ya tumbo lake, ili tabibu ajue kila kimshipa kimepita wapi, maana watu hawalingani. Siku ya kazi mgonjwa hupewa dawa ya usingizi. Kipande hukatwa chini ya kitovu, kisha tabibu hukifuata kile kimishipa ndani ya msuli polepole, akiutenganisha uzi kwa uzi pasipo kuukata, mpaka akafika kwenye mshipa mkubwa kilikotoka. Hapo ndipo hukata, na kwa muda huo kipande hakina damu. Kifuani, karibu na mfupa wa kati, huwa imekwisha tayarishwa mishipa mingine miwili, mmoja wa kuleta damu na mmoja wa kuirudisha. Upana wake ni kama milimita 2 au 3. Tabibu akitazama kwa hadubini huishona mishipa na mishipa kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Akifungua kizuizi, damu huingia, na kile kipande kilichopauka hupata rangi. Tabibu aliyetueleza habari hii alisema kuwa hata baada ya miaka mingi ya kazi bado husema Alhamdulillahi dakika hiyo.

Baada ya hapo kipande hupewa umbo, na tumbo hushonwa kwa mstari mmoja mrefu unaofichika chini ya nguo. Kwa titi moja kazi yote huchukua muda wa saa 6 hadi 8, na zaidi kwa matiti mawili. Siku za kwanza wauguzi hukitazama kipande kila saa, mchana na usiku: rangi yake, joto lake, na mlio wa damu ndani yake kwa chombo maalumu. Mshipa ukiziba, mgonjwa hurudishwa upesi chumba cha upasuaji. Mambo yakienda vyema hukaa hospitali siku 3 hadi 5, na hukatazwa kuinua vitu vizito kwa muda wa wiki 6 hivi.

Aliye mwembamba asiye na mafuta tumboni, au aliyekwisha kukatwa ngozi ya tumbo zamani, hakukosa njia, kwani matabibu huweza kuchukua nyama ya paja kwa ndani au ya makalio. Lakini ghala la tumbo hufunguliwa mara moja tu. Kwa hiyo mwanamke mwenye hatari ya maradhi katika titi la pili naye, na azungumze na tabibu wake mapema.

FAIDA NA MADHARA

Mbali na njia hizi, iko ile ya mifuko ya silikoni, iliyoanza kutiwa katika matiti ya wanawake huko Houston, Marekani, mwaka 1962. Kazi yake ni fupi na tumbo halikatwi, ila mfuko huenda ukachakaa ukahitaji kubadilishwa, na kwa aliyechomwa mionzi mara nyingi hukazana na kuuma. Nyama ya mwili wenyewe ni hai. Hupata joto la mwili, hunenepa mwenyewe akinenepa, na hukonda akikonda.

Walakini tusiwadanganye dada zetu. Titi lililotengenezwa si lile lililokwenda. Halitoi maziwa. Hisia zake aghalabu ni chache, na huenda zisirudi kabisa, basi mwanamke na ajihadhari asiunguzwe na chombo cha moto pasipo kujua. Chuchu hutengenezwa baadaye kwa kukunja ngozi. Yako madhara pia: jeraha kuchelewa kupona, mafuta kugeuka kuwa vinundu vigumu, tumbo kulegea. Hata kwa matabibu wenye mazoea, katika kila wagonjwa 100 huenda mmoja au zaidi, hadi 5, kipande chote kikafa kikaondolewa. Mvutaji wa sigara hatari yake ni kubwa zaidi, kwa kuwa sigara hubana mishipa, na wapasuaji wengi humtaka aache kwanza. Mwenye kisukari kisichotulia naye hutakiwa akitulize kabla ya kisu.

Hofu ya Halsted, kwamba titi jipya litaficha maradhi, imeonekana kuwa si ya kweli. Kutengenezwa hakurudishi saratani wala hakuzuii kugunduliwa kwake. Aliyetaka huweza kutengenezwa siku ile ile ya kukatwa, au baada ya miezi na hata miaka. Kwa yule ambaye lazima achomwe mionzi, matabibu wengi hupendelea angoje mionzi imalizike, maana huweza kukidhuru kipande kipya.

Na wako wasiohitaji haya hata kidogo. Maradhi yakiwahiwa yakiwa madogo, huweza kukatwa kivimbe peke yake na titi likachomwa mionzi. Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa miaka 20 uliofanywa na Umberto Veronesi wa Milan, Italia, na mwingine wa Bernard Fisher wa Marekani. Ilionekana kuwa waliokatwa kivimbe na kuchomwa mionzi waliishi sawa na waliokatwa titi zima. Basi mwenye kuficha kwa kuogopa kupoteza titi, huko kuficha ndiko kunakompotezea.

Kazi hii ya hadubini ni ghali na haipatikani kila hospitali. Asiyeiweza, au asiyeitaka, huweza kuvaa titi la bandia ndani ya sidiria, nalo hana lawama kwalo. Tena huweza akakaa vivyo hivyo. Hakuna mahali popote katika dini yetu ambapo uanamke wa mtu umewekwa katika kiungo kimoja.

HUKUMU YAKE KATIKA SHARIA

Tuje sasa kwenye lile neno la jirani, kuwa huku ni kubadili maumbile. Ni kweli kuwa Mtume (S.A.W.) amewalaani wanaobadili maumbile ya Mwenyezi Mungu. Katika Hadithi ya Ibn Masud (R.A.) wametajwa miongoni mwao wanaochonga mianya baina ya meno kwa ajili ya uzuri. Imam Nawawi, ambaye sisi watu wa madhehebu ya Shafi twamtegemea, alipoisherehesha Hadithi hiyo alilishika neno lile "kwa ajili ya uzuri", akabainisha kuwa anayehitaji jambo hilo kwa matibabu au kwa kuondoa aibu ya jino hana ubaya. Basi iko tofauti baina ya asiyeridhika na umbo alilopewa, na yule aliyepewa umbo timamu kisha maradhi yakamnyang'anya.

Dalili iliyo wazi zaidi ni habari ya sahaba Arfaja bin Asad (R.A.), iliyopokewa na Abu Daud, Tirmidhi na Nasai. Yeye alikatwa pua katika vita vya Kulab zama za ujahili. Akajitengenezea pua ya fedha, nayo ikaoza ikatoa harufu. Mtume (S.A.W.) akamwamrisha atengeneze pua ya dhahabu. Zingatieni, ndugu wasomaji: dhahabu ni haramu kwa wanaume, na mtu huweza kuishi bila ya pua ya bandia. Lakini Mtume hakumwambia asubiri na uso wake uliokatwa. Ikiwa kiungo kilichopotea kilirejezwa kwa kitu ambacho asili yake ni haramu kwa mwenyewe, itakuwaje kwa kiungo kirejezwacho kwa nyama ya mtu mwenyewe, iliyo tohara, isiyonunuliwa wala kuchukuliwa kwa mtu mwingine?

Wanavyuoni wa zama zetu wameyasema haya waziwazi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililokutana Jeddah Februari 1988, lilikata kwamba yafaa kuhamisha sehemu ya mwili wa mtu kutoka mahali hadi mahali katika mwili ule ule, kwa sharti kuwa manufaa yatarajiwayo yazidi madhara, na kusudi liwe ni kurejeza kiungo kilichopotea, au umbo lake, au kuondoa aibu inayomuudhi mtu kwa mwili au kwa nafsi. Na lilipokutana Putrajaya, Malaysia, Julai 2007, likazungumza upasuaji wa kurekebisha maumbo. Katika yanayofaa likataja kuundwa upya kwa titi lililoondolewa. Lile linalofanywa kwa kufuata matamanio tu na kuiga wengine, lilikatazwa.

Yamebaki mambo madogo ambayo wagonjwa huuliza. Atafutwe kwanza tabibu mwanamke. Asipopatikana mjuzi wa kazi hii, yafaa mwanamume mwaminifu, pasiwe na faragha baina yao, na lifunuliwe lile la haja tu. Kifua na tumbo si viungo vya udhu, wala damu itokayo jerahani haivunji udhu katika madhehebu yetu. Basi mgonjwa asiache Sala kwa kudhani kuwa bandeji yamzuia. Na asali kwa kadiri awezavyo, amekaa au amelala. Ikiwa saa za upasuaji zitameza wakati wa Sala, amuulize mwalimu wake mapema habari ya kukusanya na kukidhi. Kadhalika amuulize juu ya josho na kutayamamu. Amma kutiwa rangi ya chuchu kwa sindano, hilo linafanana na chale za wino zilizokatazwa. Asilikimbilie mpaka awaulize wanavyuoni.

NENO KWA WAUME NA WAZEE

Tulipomrudishia binti yetu majibu haya, alituuliza neno moja tu: "Na mume wangu, Maalim?" Tulipata kumwita mumewe, naye pia tulimsomesha. Alikuja akainama. Akasema kuwa yeye hakupata kutamka neno lolote baya. Tukamwambia, "Hilo ndilo kosa lako, mwanangu. Hukutamka lolote. Mke wako ameikaa miezi saba na kivimbe kwa sababu hakujua utasema nini."

Enyi waume, mke wako akikuambia kuwa ameona kivimbe, neno lako la kwanza liwe, "Twende hospitali kesho." Akikatwa, mwambie kwa ulimi wako, usimwachie akisie, kwamba hujapungukiwa na kitu. Kutengeneza au kutokutengeneza liwe shauri lake yeye, kwani tumbo litakalokatwa ni lake na maumivu ni yake. Ni vibaya mume amlazimishe kulala kitandani saa 8 kwa kuridhisha macho yake, na ni vibaya vilevile amkataze kwa kuona kuwa ni upuuzi wa wanawake. Mkitaka kutumia mali, kaeni mkahesabu pamoja, na matibabu ya maradhi yenyewe yatangulie: kisu, dawa na mionzi. Titi jipya huweza kungoja.

Na enyi mama wakwe, mashangazi na majirani, acheni kutoa fatwa barazani. Asiyejua na aseme, "Sijui, tuulize." Sisi tumelijua hilo kwa kuchelewa, na kaburi la bibi yule twalipita kila tuendapo msikitini.

Binti yetu aliondolewa titi wiki ya pili yake. Kisha akapewa dawa kali mpaka nywele zikamtoka, kisha akachomwa mionzi. Hivi tuandikapo amemaliza, na nywele zimeanza kuota. Juzi alikuja chuoni kumwandikisha mwanawe mkubwa kuanza alif. Tulimuuliza kama amekata shauri juu ya lile jambo la tumbo. Akasema bado anatafakari, huenda akafanya na huenda asifanye, ila sasa anajua kuwa mlango uko wazi na si dhambi kuuingia. Tukaona kuwa hilo latosha.

Twamuomba Mwenyezi Mungu amponye yeye na wagonjwa wote wa Kiislamu na walimwengu, na atupe sisi walimu ujasiri wa kusema "hatujui" pale tusipojua.